Mbeleko na Gurudumu la Tatu

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kumchukua mtoto. Mtoto huelekwa mgongoni, hupakatwa mapajani, hubebwa begani, hukumbatiwa kifuani, na anapoanza kusimama hushikwa mkono akatembezwa. Kila kimoja cha vitenzi hivyo kinataja, kwa uwazi au kwa siri, mahali ambapo mwili wa mtu mzima unakutana na mwili wa mtoto. Kitenzi kusukuma hakimo katika orodha hiyo. Kinachosukumwa ni mkokoteni, ni guta lililojaa magunia ya mkaa, ni gari lililozimika njiani. Aliyebanwa na hali akiulizwa habari zake hujibu kwamba anasukuma maisha. Basi mzazi anaposema kwa mara ya kwanza kwamba anamsukuma mtoto, ulimi wake huona kasoro kabla akili haijaiona: ametumia neno la mzigo kwa kiumbe ambacho lugha yake ilikizoea karibu na ngozi.

Kasoro hiyo si ya wanaisimu peke yao. Inawakuta watu wengi walio mbali na kwao, na inawakuta mahali kama Seven Hills, kitongoji kilicho zaidi ya kilomita 30 magharibi mwa kitovu cha Sydney, katika himaya ya Baraza la Jiji la Blacktown, juu ya ardhi ya asili ya Wadarug. Treni za njia ya T1 na T5 hupita hapo. Maduka, zahanati na kituo cha treni haviko mbali kiasi cha kumlazimu kila mtu kuwasha gari, wala haviko karibu kiasi cha kumruhusu mtu ambebe mtoto wa kilo tisa pamoja na mfuko wa viazi bila kutweta. Magharibi ya Sydney imepokea watu wa Sudani Kusini, Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, na miongoni mwao wamo ambao Kiswahili chao kilikomaa katika makambi ya Nyarugusu na Kakuma. Kwa wengi wao, kigari cha mtoto ni miongoni mwa vitu vya kwanza vya gharama vinavyonunuliwa katika nchi mpya, na mara nyingi hununuliwa kabla suala lake halijafikiriwa.

Ichukuliwe familia moja ya mfano. Mama alizaliwa Uvira akakulia Nyarugusu. Baba ni mtu wa Tanga. Mtoto wao wa kwanza ana miezi saba. Dukani wameonyeshwa vigari viwili. Cha kwanza ni cha magurudumu manne, chepesi, ambacho kikikunjwa huingia popote. Cha pili ni cha magurudumu matatu, kirefu, chenye matairi makubwa ya kujazwa upepo na gurudumu moja la mbele linalojizungusha lenyewe. Baba amekipenda cha pili. Jioni wakampigia simu mama yake Tanga ili wamwonyeshe picha. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi alikitazama kigari kwa muda, kisha akauliza:

“Huyo mtoto ana kosa gani hata mmemweka mbali hivyo?”

Mkwewe akamjibu kwa upole: “Mama, akiwa mbele yangu namwona. Mgongoni simwoni.”

“Mgongoni humwoni, mwanangu, lakini unamjua.”

Wengine wataona kwamba mazungumzo hayo ni ya mapokeo dhidi ya usasa, na kwamba hatima yake inajulikana: bibi atanyamaza, kigari kitanunuliwa. Lakini bibi hakuuliza juu ya usasa. Aliuliza juu ya umbali, na neno lake la mwisho linatenganisha mambo mawili ambayo mzazi wa leo huyachanganya kwa urahisi, yaani kumwona mtoto na kumjua. Swali la kimaadili limo humo. Je, mtu anayechagua chombo cha kumchukulia mtoto anachagua chombo tu, au anachagua pia namna ya kuwa naye?

Pana jibu la haraka linalosema kwamba huu ni ununuzi, na ununuzi hauna maadili ndani yake zaidi ya uaminifu wa muuzaji na uwezo wa mnunuzi. Jibu hilo lingefaa kama kigari kingetumika mara moja. Hata hivyo, kigari hutumika kila siku kwa miaka miwili au mitatu, katika umri ambao mtoto anajifunza sura, sauti na hofu. Aristotle alishikilia kwamba tabia hujengwa na matendo madogo yanayorudiwa hadi yakawa desturi ya nafsi. Na wahenga wa Kiswahili, bila kumsoma, walisema kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kama pande zote mbili zina haki, basi jambo linalorudiwa mara elfu haliwezi kuwa dogo kwa sababu tu kila mara moja yake ni ndogo.

Heri kuanza na chombo chenyewe, maana maadili yasiyojua chombo huishia katika mahubiri. Magurudumu matatu yana mantiki ambayo kila jiko la kuni linaifahamu. Figa moja haliinjiki chungu, na mawili hayatoshi. Matatu hukaa imara hata penye ardhi isiyo sawa, kwa kuwa nukta tatu daima hupata uwanda mmoja wa kutulia. Kiti cha miguu minne hutikisika sakafu ikiwa na bonde, lakini kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki. Ndiyo maana kigari cha aina hii hupita vizuri juu ya nyasi, kokoto na njia zilizoinuliwa na mizizi ya miti, na ndiyo maana mtu anaweza kukigeuza kwa mkono mmoja. Lakini mafiga hayatembei. Kinachotembea kwa nukta tatu kina kitako cha pembetatu, na pembetatu ni nyembamba upande wa mbele. Kwa hiyo chombo hicho, kinapokata kona kwa kasi au kinapopandishwa ukingo wa barabara kwa mshazari, hukaribia kuanguka ubavu mapema kuliko chenye pembe nne. Aliyewahi kupanda bajaji katika mzunguko wa Dar es Salaam, au tuktuk ya Mombasa, hahitaji kuelezwa zaidi. Uimara wa kusimama na uimara wa kwenda ni vitu viwili, na hakuna chombo kinachotoa vyote kwa ukamilifu. Tena kigari hicho ni kirefu, hukunjika kwa shida, na katika basi lililojaa huwa mgeni asiyealikwa.

Historia yake nayo inashangaza. Kigari cha mtoto kinachotajwa sana kuwa cha mwanzo huko Uingereza kilibuniwa na William Kent mwaka 1733 kwa ajili ya watoto wa Mtawala wa Devonshire, nacho kilikuwa cha kukokotwa na mnyama mdogo. Kilikuwa pambo la bustani ya wakwasi. Mwaka 1965 Owen Maclaren, mhandisi aliyewahi kushughulikia magurudumu ya kutulia ya ndege za kivita za Spitfire, alibuni kigari chepesi cha alumini kinachokunjika kama mwavuli, na mtoto akaweza kuingia katika treni na ndege. Cha magurudumu matatu kwa sura yake ya leo kilitoka Yakima, katika jimbo la Washington nchini Marekani, ambako Phil Baechler mnamo 1984 alianza kuuza kigari alichokibuni ili aweze kukimbia pamoja na mwanawe.

Sababu ya Baechler inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa inavuruga ugomvi wa bibi na mkwe. Kigari cha Kent kilimtenga mtoto na kazi za wazazi. Kilimweka katika ulimwengu wake wa starehe. Kigari cha Baechler kilifanya kinyume: kilimchukua mtoto hadi mahali mzazi alipotaka kwenda, bila mzazi kuacha shughuli yake. Na hivyo ndivyo mbeleko ilivyofanya siku zote. Mama wa shambani hakumweleka mtoto ili wakapunge upepo. Alimweleka kwa sababu palizi haingoji, kisima hakimfuati mtu nyumbani, na mtoto hakuweza kuachwa peke yake. Kwa nia, basi, kigari cha matatu ni ndugu wa mbeleko kuliko kilivyo ndugu wa gari la mtawala. Vyote viwili vinasema kwamba mtoto hana ulimwengu wake pembeni. Ulimwengu wake ni ule ambao wakubwa wake wanauishi.

Hata hivyo, udugu wa nia haufuti tofauti ya mwili, na mwili ndio uliokuwa hoja ya bibi. Aliyeeleka hujua bila kutazama. Huijua homa kwa mgongo kabla haijafika kwenye kipimajoto. Hujua kwamba mtoto amelala kwa uzito wake kubadilika, kwamba ameamka kwa pumzi yake, kwamba amelowa. Mtoto naye hujua: husikia sauti ya mama ikipita katika mifupa, huona uso wa jirani anayeamkiwa kwa juu ya bega, hujifunza nani ni wa kuinamiwa na nani ni wa kutaniwa, maana mgongo wenyewe huinama na kucheka. Elimu hiyo haina mwalimu wala saa. Kigari hakiwezi kuitoa, kiwe na magurudumu matatu au kumi na mawili.

Uzito ambao jamii iliipa elimu hiyo unaonekana katika desturi za ndoa za pwani. Pamoja na mahari, upande wa mume ulidaiwa vijisehemu vyenye majina yake. Kilemba kilikuwa cha baba. Mkaja ulikuwa wa mama, kwa jina la nguo aliyojifunga tumboni baada ya kujifungua. Na ubeleko, au mbeleko, ulikuwa wa mama pia, kwa jina la nguo aliyomwelekea binti. Desturi hiyo ina hoja ndani yake. Inasema kwamba kubeba ni deni. Kwamba deni hilo halisahauliki kwa miaka ishirini. Kwamba mtoto mwenyewe hawezi kulilipa. Na kwamba anayekuja kufaidika na utu wa binti yule lazima akiri, mbele ya mashahidi, kwamba utu huo ulibebwa na mtu. Bibi wa Tanga alipouliza kosa la mtoto, alikuwa akiuliza pia, pengine bila kukusudia: siku ya posa ya mjukuu, ni nani atakayesimama kudai mbeleko, na kwa mgongo gani?

Hapo msifu wa zamani hufurahi, naye ndipo anapopaswa kusimamishwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanaoisifu mbeleko kwa sauti kubwa, katika makongamano na katika harusi, mara nyingi si walioibeba. Wapo waliomaliza siku wakiwa na mtoto mgongoni na ndoo kichwani, wakalala na maumivu ya kiuno ambayo hakuna aliyeyaimba. Wapo pia mabinti wa miaka minane na tisa waliopewa wadogo zao wawaeleke ili mama aende shambani, wakaukosa mchezo na pengine darasa. Mbeleko ilikuwa upendo, na ilikuwa pia mgawanyo wa kazi ambao haukuwauliza waliogawiwa. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, lakini katika suala la mgongo, mgongo ulikuwa karibu daima wa jinsia moja.

Na hapa kigari kinafanya jambo ambalo mbeleko haikulifanya. Baba wa Tanga ambaye angeona haya kujifunga kanga na kumweleka mwanawe mtaani, hasiti kushika mpini wa kigari. Labda ni kwa sababu kinafanana na chombo cha kazi. Labda ni kwa sababu ya matairi yale makubwa, ambayo watengenezaji wanajua vizuri yanamvutia nani. Udhaifu wa sababu haupunguzi thamani ya tokeo. Huko Seven Hills, ambako hakuna shangazi mlango wa pili wala jirani wa kumwitia mtoto dirishani, baba akimchukua mtoto saa moja asubuhi mama hupata usingizi alioukosa usiku. Katika ukoo uliobaki na mikono minne tu, chombo kinachotia mikono miwili kazini si anasa. Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika kukitetea kigari cha magurudumu matatu, na haihusu kokoto wala nyasi.

Lakini mpini ukishapata mshikaji, linabaki swali la pili ambalo wauzaji hawalitangulizi: mtoto anatazama wapi? Vigari vingi vya matatu, hasa vilivyokusudiwa kukimbia, humtazamisha mtoto mbele. Mzazi huona paa la kukunja. Mtoto huona miguu ya watu, mbwa, magari. Mwaka 2008 Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, alitoa utafiti uliowaangalia zaidi ya wazazi na watoto 2,700 katika mitaa ya Uingereza. Wengi wa watoto walikuwa wametazamishwa mbele, na wazazi waliotazamana na watoto wao ndio waliozungumza nao zaidi, takriban mara mbili ya wenzao. Mtu anaweza kubishana kama ni kiti kinachozaa mazungumzo au ni mpenda mazungumzo anayechagua kiti cha namna hiyo. Pamoja na ubishi huo, jambo moja ni rahisi kulikubali: ni vigumu kuzungumza kwa muda mrefu na kisogo.

Kwa familia ya Uvira na Tanga, jambo hili lina uzito ambao familia ya Dundee hailazimiki kuuwaza. Mtoto wa Dundee anayetazama mbele anatazama mtaa unaosema lugha ya mama yake. Mtoto wa Seven Hills anatazama mtaa unaosema lugha nyingine. Matangazo ya treni, mabango ya maduka, salamu za wapita njia, vyote vinampa Kiingereza bure, asubuhi hadi jioni, na vitaendelea kumpa maisha yake yote. Kiswahili atakipata kwa watu wawili, na kwa saa chache. Safari ya kwenda kituoni na kurudi ni miongoni mwa saa hizo. Methali ya asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu hutajwa kwa kawaida kama tishio kwa mtoto mkaidi. Katika kigari inageuka kuwa maelezo ya kiti: kiti kimoja kimemwelekeza mtoto kwa mamaye, kingine kimemwelekeza kwa ulimwengu. Mwana Kupona binti Msham, alipotunga utenzi wake wa wosia kwa bintiye mwaka 1858, alianza kwa kumwita asogee karibu. Mafunzo yalihitaji ukaribu hata kwa binti aliyekwisha kupata akili, seuze mtoto wa miezi saba ambaye bado anasoma midomo.

Haifuati kwamba mtoto azuiwe kuuona ulimwengu. Mgongoni pia aliuona. Tofauti ni kwamba aliuona kwa juu ya bega la mtu, akiwa na mfasiri. Mtoto anayetazama mbele peke yake hana mfasiri. Akishtushwa na lori, hawezi kugeuka auone uso wa mama ili ajue kama jambo lile ni la kuogopwa. Ndiyo maana kiti kinachogeuzwa, ambacho baadhi ya vigari vya matatu vinacho, kina thamani kuliko tairi la upepo: katika mwaka wa kwanza humpa mtoto uso, baadaye humpa barabara, na hapo katikati mzazi anaamua siku kwa siku.

Swali la tatu ni la mkono. Nchini Australia, tangu 2008, kanuni za lazima zinataka kila kigari cha mtoto kiwe na breki ya kuegeshea, mikanda ya kumfunga mtoto, maandishi ya onyo, na mkanda wa mkononi: utepe uliofungwa kwenye mpini, ambao mzazi anautia kifundoni mwa mkono anapotembea. Wazazi wengi huuona utepe huo ukining'inia na kuusahau. Oktoba 2009, katika kituo cha treni cha Ashburton mjini Melbourne, kigari cha magurudumu kilianza kujiendea jukwaani kwa nukta chache ambazo mkono ulikuwa umekiacha. Kikaporomoka relini mbele ya treni iliyokuwa ikiingia. Kamera za kituo zilinasa yote, na dunia ikaona. Mtoto, wa miezi sita, alitoka salama kwa namna ambayo wengi waliiita muujiza.

Hakuna haja ya kumlaumu mzazi yeyote kwa sekunde ambazo kila mzazi amewahi kuzipoteza. La kutafakari ni utepe. Gurudumu lina uhuru ambao mgongo hauna: likiachwa, huenda. Mbeleko ikiachwa na mikono yote miwili bado imemshika mtoto, kwa kuwa kinachoshika ni fundo. Sheria ilipoagiza utepe, ilikubali kimyakimya kile alichokisema bibi wa Tanga, kwamba chombo hiki kimeweka umbali, na kwamba umbali huo unahitaji fundo. Utepe wa kifundoni ni mbeleko iliyobaki. Ni sentimita chache za nguo zinazosema kwamba mtu mzima na mtoto bado wamefungwa pamoja. Anayeununua kigari na kuuacha utepe uning'inie ameinunua sehemu ya gurudumu na kuikataa sehemu ya mgongo.

Lakini si kila kinachotoka nyumbani kinamfaa mtoto ugenini, na uaminifu unataka lisemwe pia. Mama wa Kiswahili akiona jua limemwelekea mtoto, hutandaza kanga juu ya kigari. Ni tendo la huruma, na nyumbani chini ya mwembe halikumdhuru mtu. Magharibi ya Sydney lakini hupata joto kali sana. Penrith, upande wa magharibi zaidi, ilifika nyuzi 48.9 tarehe 4 Januari 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walionyesha mwaka 2023 kwamba kigari kilichofunikwa kwa kitambaa kikavu huwa na joto zaidi ndani kuliko kilichoachwa wazi, ilhali kitambaa chembamba kilicholoweshwa, hewa ikipita, hupunguza joto. Kanga kavu iliyofungwa pande zote, kwa hiyo, humpikia mtoto hewa yake mwenyewe. Mgongoni mama angeliona joto hilo kwa mwili wake. Kwenye kigari halioni. Upendo uliohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kufikiriwa upya unaweza kugeuka hatari, na hili ni onyo kwa msifu wa zamani kama utepe ulivyo onyo kwa msifu wa mapya.

Limebaki suala la fedha, ambalo huzungumzwa mwisho ingawa huamua mwanzo. Vipo vigari vya matatu vinavyouzwa kwa zaidi ya dola 1,000 za Australia. Kwa mhamiaji, bei hiyo ina kishawishi cha pekee: kigari ni kitu cha hadharani, na anayekisukuma hutazamwa. Katika nchi ambayo lafudhi yake humtangulia, mzazi anaweza kutaka angalau magurudumu ya mwanawe yaseme kwamba wao si watu wa kuonewa huruma. Haja hiyo ya heshima ni ya kweli na haistahili kudhihakiwa. Ila mtoto hahitaji kulipia heshima ya wazazi wake. Pesa iliyozidi ingeweza kuwa nauli ya bibi kuja kukaa miezi mitatu, na hakuna gurudumu linaloweza kufanya kazi ya bibi. Kigari kilichotumika, breki zake zikipimwa na mikanda ikiwa mizima, humfikisha mtoto pale pale. Tena kina faida ya kimaadili ambayo kipya hakina: kimetoka kwa mtu na kitakwenda kwa mtu. Mtoto akikua, hupewa jirani aliyejifungua, kama mbeleko zilivyohamishwa kutoka kwa dada mkubwa hadi mdogo, na wageni wawili katika mtaa wa ugenini huanza kudaiana wema.

Yakiwekwa pamoja, maswali haya yanageuza utaratibu wa kuchagua. Idadi ya magurudumu, ambayo dukani ilikuwa swali la kwanza, inakuwa la mwisho. La kwanza ni nani atakayemchukua mtoto, na kama chombo kitaongeza mikono au kitaipunguza. La pili ni uso wa mtoto utaelekea wapi katika miezi ambayo lugha inaingia. La tatu ni mkono wa mzazi utafanya nini chombo kinaposimama. Familia inayotembea kwenye nyasi na njia mbovu, ambayo baba ndiye atakayesukuma, na iliyopata kigari cha kiti kinachogeuka, ina sababu nzuri za kuchukua magurudumu matatu. Familia inayoishi kwenye basi na ngazi ina sababu nzuri za kuyaacha. Na zote mbili zina sababu ya kutokuitupa mbeleko, maana siku ya homa, siku ya treni iliyojaa, na jioni ile mtoto anapolia bila kueleza, hakuna mashine inayoshindana nayo. Usitupe mbachao kwa msala upitao.

Kuhusu deni, bibi hakukosea kulidai, ila huenda idadi ya wadai imeongezeka. Desturi ilimpa baba kilemba kwa cheo chake na mama mbeleko kwa mgongo wake. Kama baba naye amemchukua mtoto asubuhi za baridi ya Julai, akimsemesha Kiswahili uso kwa uso kutoka nyumbani hadi kituoni, si dhahiri tena kwamba anastahili kilemba peke yake. Kilicholipwa katika mbeleko hakikuwa nguo. Kililipwa kule kukubali kwamba mwili wa mtu ucheleweshwe, uchoshwe na ufungwe na mwili mwingine kwa miaka. Anayekubali hayo amebeba, hata kama lugha bado haijampa kitenzi chake.

Jumamosi iliyofuata, familia ile ya mfano ilipiga simu Tanga tena, safari hii kutoka jukwaa la kituo cha Seven Hills. Kigari kilikuwa cha matatu, kimenunuliwa kwa mtu, kiti kimegeuzwa nyuma. Bibi alitaka kumwona mjukuu, akaonyeshwa. Kisha akauliza ule ugwe mwekundu mkononi mwa mwanawe ni wa nini. Alipoelezwa, alicheka, akasema: “Haya. Ukaze fundo.”